Fahamu Tofauti ya Kontena na Kodeki Kabla ya Kuingiza Video Kwenye Programu ya Uhariri

Na Mwandishi Wetu

Faili la video linaweza kuonekana vizuri kwenye simu iliyolirekodi, likafunguka pia kwenye kompyuta, kisha likakataliwa na programu ya uhariri. Wakati mwingine programu hulipokea lakini hutoa sauti pekee huku sehemu ya picha ikiwa nyeusi. Wakati mwingine picha huonekana bila sauti. Na wakati mwingine vyote viwili hutoka, lakini ifikapo dakika ya ishirini midomo ya mzungumzaji haiendani tena na maneno yake.

Wanaokutana na hali hiyo wengi huamini kuwa faili ni bovu. Hubadilisha jina lake, huomba litumwe upya kwa WhatsApp, au hulipitisha kwenye tovuti ya kwanza ya kugeuza video wanayoiona mtandaoni. Mara nyingi faili halina ubovu wowote, na hatua hizo ndizo zinazolipunguzia ubora.

Jambo hili linawahusu wengi kuliko mafundi wa televisheni. Maofisa habari wa mikoa na halmashauri, waandishi wa redio na televisheni za jamii, walimu, viongozi wa vikundi na wananchi wanaorekodi mikutano ya hadhara hukutana nalo kila mara. Mkutano wa kijiji uliopitisha matumizi ya ardhi, kiapo cha kiongozi au makabidhiano ya mradi ni matukio yasiyorudiwa kwa ajili ya kamera. Aidha, rekodi ya namna hiyo inaweza kuhitajika baadaye kama ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaelekeza kuwa, katika kupima uzito wa taarifa ya kielektroniki, itazamwe jinsi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na uhalisia wake ulivyolindwa. Faili lililogeuzwa mara tatu na watu watatu lina maelezo mengi ya kutoa.

Nje ya kontena na ndani ya kontena

Herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili, yaani MP4, MOV, MKV, AVI au MTS, hutaja kontena. Neno hili limechaguliwa vizuri, na kwa msomaji aliyepita karibu na bandari ya Dar es Salaam, Tanga, Mtwara au Mombasa halihitaji maelezo marefu. Kontena ni chombo cha kubebea. Ndani yake mna mkondo wa picha, mkondo mmoja au zaidi wa sauti, pengine maandishi ya tafsiri, na karatasi ya orodha inayoeleza kila kitu kimekaa wapi na kinapaswa kutoka kwa wakati gani. Kontena lenyewe halisemi shehena imefungwaje.

Namna ya kufunga shehena ndiyo kazi ya kodeki. Kodeki ni kanuni ya kubana picha au sauti wakati wa kurekodi na kuifungua wakati wa kutazama. Watanzania wamekuwa wakiishi na kazi ya kufungua kwa miaka mingi, tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012 na king'amuzi kuwa kifaa cha lazima kwa mwenye televisheni ya zamani. King'amuzi hupokea picha iliyobanwa na kuifungua. Kisichoijua kanuni iliyotumika kubana hakionyeshi kitu, hata kama antena imeelekezwa sawasawa. Programu ya uhariri nayo ina ving'amuzi vyake ndani, na kila programu ina orodha yake ya kanuni inazozifahamu.

Kwa hiyo mafaili mawili yenye kiendelezi kilekile cha MP4 yanaweza kuwa tofauti kabisa. Moja huwa na picha iliyobanwa kwa H.264 na sauti ya AAC, na karibu kila programu hulipokea. Jingine huwa na picha ya HEVC, ambayo pia huitwa H.265, na kompyuta ya miaka kumi iliyopita huweza kushindwa nalo. La tatu huwa na AV1, kodeki iliyotolewa mwaka 2018 na muungano wa kampuni za teknolojia ili itumike bila malipo ya hataza. Kwa nje yote matatu ni MP4.

Kinyume chake pia ni kweli. Picha ileile ya H.264 inaweza kukaa ndani ya MP4, MOV au MKV bila kubadilika hata nukta moja. MP4 na MOV ni ndugu wa damu, kwa kuwa muundo wa MP4 ulijengwa juu ya ule wa QuickTime ambao kampuni ya Apple iliutoa mwaka 1991. AVI ya Microsoft ilikuja mwaka uliofuata, na umri wake unaonekana, kwani iliundwa kabla ya kodeki za leo na huzibeba kwa taabu. MKV ilianza mwaka 2002 kama mradi huria na hubeba karibu kila kitu, lakini programu kadhaa kubwa za uhariri, ikiwemo Adobe Premiere Pro, kwa muda mrefu hazikuikubali.

Hapa ndipo unapoonekana ubatili wa kubadilisha jina la faili. Anayefuta herufi MKV na kuandika MP4 amepaka rangi maandishi ya ubavuni mwa kontena. Shehena na karatasi ya orodha zimebaki vilevile. Baadhi ya programu husoma yaliyomo na kulifungua faili bila kujali jina, jambo linalomfanya mtumiaji aamini kuwa dawa imefanya kazi, hadi atakapokutana na programu inayokagua.

Kwa nini picha hubanwa, na gharama yake kwa mhariri

Picha moja ya video yenye ukubwa wa 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikihitaji baiti tatu za rangi, picha hiyo moja ni takriban megabaiti 6.2. Kwa picha 25 kila sekunde, ambazo wataalamu huziita fremu, tunapata megabaiti 155 kwa sekunde na takriban gigabaiti 560 kwa saa moja. Hakuna simu wala kadi ya kumbukumbu ya kawaida inayoweza kuumudu mzigo huo. Video hiyohiyo ikibanwa kwa H.264 kwa kasi ya megabiti 16 kwa sekunde huwa gigabaiti 7.2 kwa saa, yaani karibu sehemu moja ya themanini.

Punguzo hilo hupatikana kwa ujanja ambao mhariri anapaswa kuuelewa, kwani ndio chanzo cha malalamiko mengi. H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, haihifadhi kila fremu kwa ukamilifu. Huhifadhi fremu moja nzima, kisha kwa fremu kadhaa zinazofuata huandika tu kilichobadilika. Mkuu wa wilaya anapohutubia ukumbini, ukuta ulio nyuma yake, meza na bendera havibadiliki, hivyo haviandikwi tena. Huandikwa mwendo wa mikono, midomo na macho. Fremu nyingine hukisiwa kwa kutazama iliyotangulia na ile itakayofuata. HEVC, iliyokamilishwa mwaka 2013, hufanya hivyo kwa ustadi zaidi na huweza kufikia ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya ukubwa, lakini huidai kompyuta hesabu nyingi zaidi.

Kwa mtazamaji, mpango huu hauna tatizo, kwa sababu hutazama kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Mhariri hafanyi hivyo. Yeye huruka hadi dakika ya kumi na nne, hurudi nyuma fremu tatu, hukata katikati ya neno, huweka picha mbili juu ya nyingine. Kila anaposimama juu ya fremu isiyo kamili, kompyuta hulazimika kurudi hadi fremu nzima iliyo karibu, na kuijenga upya picha hatua kwa hatua. Ndiyo maana kompyuta inayoonyesha faili fulani bila kukwama huanza kusuasua faili hilohilo linapoingizwa kwenye uhariri. Anayekimbilia kununua kompyuta mpya angefaa kwanza kuangalia kodeki.

Zipo kodeki zilizotengenezwa mahsusi kwa uhariri, ambazo huhifadhi kila fremu kwa ukamilifu wake. Zinazojulikana zaidi ni ProRes ya Apple, iliyotolewa mwaka 2007, na DNxHD ya Avid. Bei yake ni nafasi ya diski. ProRes 422 kwa video ya 1920 kwa 1080 yenye fremu 25 hutumia takriban gigabaiti 55 kwa saa. Kwa ofisi yenye diski ndogo, njia yenye nafuu ni nakala nyepesi za kufanyia kazi. Programu nyingi za uhariri huweza kutengeneza nakala ndogo ya kila faili, mhariri akakata na kupanga kwa kutumia nakala hizo, kisha programu ikarejea kwenye mafaili ya awali wakati wa kutoa kazi ya mwisho. Huduma hii imo katika DaVinci Resolve ya bure pamoja na programu za kulipia, na kwa maoni ya mwandishi haitumiki inavyostahili.

Kusoma dalili

Kabla ya kugusa chochote, faili lifunguliwe kwa programu inayoonyesha yaliyomo. MediaInfo hufanya kazi hiyo bila malipo, na hutaja kontena, kodeki ya picha, kodeki ya sauti, ukubwa wa picha na idadi ya fremu. Anayetumia VLC anaweza kubonyeza Ctrl na J akapata maelezo ya kodeki. Ieleweke kuwa faili kufunguka ndani ya VLC si uthibitisho kwamba programu ya uhariri italipokea. VLC hubeba ving'amuzi vyake yenyewe na haiombi msaada wa mfumo wa kompyuta, na ndiyo sababu hufungua takriban kila kitu.

Sauti ikitoka na picha ikawa nyeusi, au programu ikalitambua faili kuwa la sauti tu, kontena limeeleweka lakini kodeki ya picha haikujulikana. Hali hii hutokea mara nyingi kwa video za iPhone. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone 7 na zilizofuata hurekodi kwa HEVC isipokuwa mwenye simu aelekeze vinginevyo. Kwenye Windows, programu nyingi hutegemea kiongezi cha HEVC kinachouzwa kwa ada ndogo katika duka la Microsoft. Ada hiyo inatokana na haki za hataza zilizomo katika kodeki hiyo. Mwenye iPhone anayejua kuwa video yake itahaririwa kwenye kompyuta ya zamani anaweza kufungua mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, na kuchagua ule unaopatana na vifaa vingi zaidi. Simu itarekodi kwa H.264, ingawa atakosa chaguo la 4K lenye fremu 60.

Picha ikitoka bila sauti, tatizo liko kwenye kodeki ya sauti. Toleo la DaVinci Resolve la mfumo wa Linux, kwa mfano, limejulikana kwa kutoisoma sauti ya AAC, ambayo ndiyo sauti ya simu karibu zote. Hapo hakuna haja ya kuigusa picha; sauti pekee ndiyo inayogeuzwa.

Na programu ikilikataa faili zima huku MediaInfo ikionyesha H.264 na AAC za kawaida, kinachokataliwa ni kontena. Hii ndiyo hali rahisi kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote.

Kuhamisha shehena si kugeuza shehena

Kuhamisha ni kutoa mikondo ya picha na sauti kutoka kontena moja na kuiweka katika kontena jingine bila kuifungua. Kugeuza ni kuifungua picha iliyobanwa na kuibana upya kwa kodeki nyingine au kwa kodeki ileile. Kuhamisha rekodi ya saa moja huchukua dakika chache au pungufu na hakupunguzi ubora kabisa. Kugeuza huweza kuchukua saa nzima au zaidi kwenye kompyuta dhaifu, na kila mara hupoteza kitu, kwa sababu kodeki hizi hutupa taarifa ambazo haziwezi kurudishwa.

Programu huria ya FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000, hufanya kazi zote mbili. Amri ya kuhamisha ni fupi:

ffmpeg -i mkutano.mkv -c copy mkutano.mp4

Neno copy ndilo linaloiagiza programu isiguse kilichomo. Iwapo sauti pekee ndiyo yenye tatizo, picha huhamishwa na sauti hugeuzwa kuwa PCM isiyobanwa:

ffmpeg -i mkutano.mp4 -c:v copy -c:a pcm_s16le mkutano.mov

Wasiopenda kuandika amri na wanaorekodi kwa OBS Studio watakuta ndani ya programu hiyo, kwenye menyu ya faili, chaguo la kuhamisha rekodi za MKV kwenda MP4. Ama tovuti za kugeuza video, nyingi hugeuza hata pale ambapo kuhamisha kungetosha. Tena, faili hupakiwa kwenye seva ambayo mtumaji haijui. Rekodi yenye sura za watoto wa shule au maelezo ya mgonjwa haifai kupelekwa huko, hasa baada ya kuwepo kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kamera ndogo za Sony na Panasonic zinazorekodi kwa AVCHD zina tabia yake. Kadi zake huwa na mpango wa FAT32 usioruhusu faili kuzidi gigabaiti 4, hivyo hotuba ndefu hugawanywa katika mafaili kadhaa ya MTS. Anayenakili mafaili hayo moja moja huweza kusikia sauti ikikatika kwenye maungio. Linalotakiwa ni kunakili folda nzima ya kadi kama ilivyo, kisha kuingiza video kwa kupitia folda hiyo ndani ya programu ya uhariri.

Midomo na maneno

Kuachana kwa sauti na picha hakusababishwi na kodeki wala kontena moja kwa moja, bali na hesabu ya fremu. Kamera za televisheni hudumisha idadi moja. Katika ukanda wetu ni 25 kwa sekunde, urithi wa mfumo wa PAL na umeme wa 50 Hz. Simu janja hurekodi kwa idadi inayopanda na kushuka. Mwanga ukipungua ukumbini au simu ikipata joto, fremu hupungua. Hali ikitengemaa, huongezeka. Karatasi ya orodha ndani ya kontena huandika muda wa kila fremu, na programu ya kutazama huufuata. Baadhi ya programu za uhariri huchukua wastani na kudhani fremu zimepangwa kwa umbali sawa. Tofauti ya fremu 30 na 29.97 kwa sekunde inaonekana kuwa si kitu, lakini baada ya saa moja imefikia sekunde 3.6.

MediaInfo hutaja iwapo idadi ya fremu ni thabiti au inabadilika. Ikiwa inabadilika na programu ya uhariri haiimudu, hapo kugeuza kuna sababu. HandBrake, ambayo nayo ni ya bure, ina chaguo la idadi thabiti ya fremu. Ubora uwekwe juu, na faili la awali lisifutwe.

Faili lililokosa mwisho

Ipo hali moja ambamo faili kweli limeharibika. MP4 na MOV za kawaida huandika karatasi yake ya orodha mwishoni, pale mrekodi anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikiisha kabla ya hapo, au umeme ukikatika wakati kompyuta inarekodi, hubaki faili kubwa lenye picha zote ndani lakini lisilo na orodha, na hakuna programu ya kawaida inayoweza kulifungua. MKV haina udhaifu huo. Rekodi iliyokatika hubaki kufunguka hadi karibu na mahali ilipokatikia. Kwa mazingira ambayo umeme hauna uhakika, ni busara kurekodi kwa MKV na kuhamishia MP4 baadaye.

Aliyekwisha kupatwa na hilo asirekodi kitu kingine kwenye kadi hiyo. Programu huria ya untrunc huweza kuijenga upya orodha kwa kutumia faili jingine zima lililorekodiwa na kifaa hichohicho kwa mipangilio ileile. Haifaulu kila mara, lakini haijaribiwi inavyostahili.

Kwa wanaotuma video kwenye ofisi za habari

Video inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya kabla ya kuondoka kwenye simu. Picha hupunguzwa ukubwa, na tarehe na taarifa nyingine za kurekodiwa huweza kupotea. Faili hilohilo likitumwa kama hati, kwa kutumia alama ya kuambatisha na kuchagua hati badala ya picha na video, hufika kama lilivyo, mradi lisizidi gigabaiti 2. Mpokeaji arahisishiwe kazi kwa kuelezwa aina ya simu au kamera iliyotumika, na iwapo faili limewahi kupitishwa kwenye programu nyingine. Jina ambalo kifaa kiliweka liachwe. Faili la awali libaki kwenye kifaa hadi mpokeaji athibitishe kuwa limefunguka ndani ya programu anayohariria, picha na sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho.